Uso unawaka moto, vipimo vinasema mimi mzima

Shikamoo mama,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 39, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni ya kusimama mbele za watu: nafundisha watu wazima, na vikao vingi vya ofisini huwa naviongoza mimi. Kazi hii nilikuwa naipenda. Siku hizi nikikaribia mlango wa darasa moyo unanienda mbio, na wanafunzi hawana kosa lolote. Ni uso wangu.

Tangu mwaka jana uso wangu umekuwa ukiiva bila sababu ninayoijua. Mimi ni maji ya kunde, kwa hiyo haufanani na zile nyuso nyekundu za kwenye picha za mtandaoni. Kwangu inakuja rangi kama ya zambarau iliyofifia, inaanzia mashavuni, inapita puani, inashuka kidevuni. Kabla haijaonekana naisikia. Joto linapanda kutoka shingoni, ngozi inavuta, nikiweka kiganja shavuni ni la moto, na nikinawa maji yananichonyota. Haiwashi sana, inaunguza. Hutokea nikitoka juani, nikisimama karibu na jiko, nikinywa kitu cha moto, na zaidi ya yote nikiona watu wananitazama. Mwanzoni ilikuwa ikija na kuondoka. Sasa kuna rangi inayobaki hata nikiamka asubuhi, na vipele vidogo vigumu ambavyo nilidhani ni chunusi, ila ukivitazama vizuri havina kile kichwa cheusi cha chunusi.

Hospitali nimekwenda. Wa kwanza alisema ni aleji, akanipa vidonge vilivyonilaza usingizi tu, uso haukubadilika. Wa pili alisema fangasi, akanipa dawa ya kupaka, nayo haikusaidia. Wa tatu alinigeuza uso huku na huku kwenye taa, akasema, "Mimi sioni wekundu wowote, mama. Labda una mawazo." Siku hiyo uso ulikuwa umetulia. Nimepimwa damu, sukari, ini na figo, vyote vizuri. Nilitoka na karatasi ya majibu mkononi nikiwa sijui nifurahi au nilie.

Mume wangu mwanzoni alikuwa pamoja nami. Baada ya majibu hayo amebadilika. Anasema, "Vipimo ni safi, hela imekwenda, sasa acha kujitafutia ugonjwa." Hasemi kwa ukali, lakini anaposema hivyo najiona mwongo. Ofisini mwenzangu mmoja alinitania mbele ya watu, "Jana ulipiga ngapi?" Mimi pombe sinywi. Watu walicheka, na uso ukazidi kuwaka, ikawa kama nimekiri. Baada ya hapo mkuu wangu aliniita faragha akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Kuna nafasi ya uongozi imetangazwa na nimeitwa kwenye usaili. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye anayenijali kuliko wote, amenipa krimu anayotumia mwenyewe. Huichukua kwa mtu anayemtengenezea, iko kwenye kikopo cheupe kisicho na maandishi. Nikipaka usiku, asubuhi uso ni laini, umetulia, kama wa zamani. Nimekuwa nikiipaka kila ninapokuwa na shughuli. Nikiiacha siku mbili tatu, moto unarudi, na naona unarudi mkali zaidi. Mdogo wangu anasema hiyo ndiyo dalili kwamba ngozi inaihitaji, nipake kila siku bila kuruka mpaka usaili upite, mengine baadaye.

Nimesoma pia habari za lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kwamba huanza na wekundu mashavuni. Tangu hapo usingizi umepungua.

Naomba unisaidie mama. Niendelee na krimu mpaka nipite usaili, au niache nikasimame mbele ya wale watu na uso huu? Niendelee kutafuta ugonjwa, au nimsikilize mume wangu? Na je, inawezekana kweli ni mawazo yangu tu?

Mwenye uso wa moto

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Umeniuliza maswali matatu, lakini nikiyatazama naona yote yameshikwa na hofu moja, kwamba pengine huna kitu na unajisumbua bure. Daktari amekuambia hivyo kwa upole, mume wako amekuambia kwa uchovu, na sasa umeanza kujiambia mwenyewe. Mimi si daktari, na hata daktari hamtibu mtu kwa barua. Ninachoweza ni kukupangia yale uliyoyaandika, maana ndani ya barua yako kuna taarifa nyingi kuliko unavyodhani.

Kwanza hili la kutoonekana. Wekundu wa ngozi ni damu: mishipa midogo iliyo chini ya ngozi inatanuka, damu inajaa, joto linapanda. Kwa mtu mweupe rangi hiyo inaonekana moja kwa moja. Kwa mtu mwenye rangi kama yako au nyeusi zaidi, melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inaifunika, na kinachobaki ni zambarau, au hudhurungi iliyokolea, au sehemu inayoonekana nyeusi tu kuliko jirani yake. Picha nyingi za kufundishia magonjwa ya ngozi zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo hata mtaalamu mzuri anaweza kupitwa, sembuse siku ambayo uso wenyewe umetulia. Ulichoeleza kuhusu joto, kuvuta na kuchonyota kina uzito sawa na rangi, na pengine zaidi. Hukulifikiria hilo kama ushahidi kwa sababu hakuna aliyekuuliza.

Je, mawazo hayahusiki? Yanahusika, na sioni sababu ya kuyakataa. Aibu, hofu na hasira hutanua mishipa ya uso kwa mtu yeyote. Ngozi ambayo tayari ni nyepesi kuwaka itawaka haraka zaidi ukisimama mbele ya watu, na ukijua inawaka unaaibika, ukiaibika inawaka tena. Lakini kitu kuchochewa na mawazo ni tofauti na kitu kubuniwa na mawazo. Jua halina habari na mawazo yako, na wewe mwenyewe umesema jua linauwasha moto uso wako.

Halafu hizo karatasi za majibu. Sukari, ini na figo ni vipimo vya maana na nashukuru viko sawa. Ila havipimi ngozi. Magonjwa mengi ya ngozi hutambuliwa kwa macho ya anayejua, kwa kugusa, na kwa historia ya mgonjwa. Mengine hayana kipimo cha damu kabisa. Kwa hiyo mume wako ana haki ya kupumua, hakuna kibaya kilichoonekana kwenye viungo hivyo. Anapokosea ni kuamini kwamba swali la uso nalo limejibiwa, wakati hakuna aliyelipima.

Sasa nije kwenye kile kikopo cheupe, ambacho wewe umekitaja kama msaada lakini mimi kimenisimamisha.

Sijui kilichomo. Wewe hujui, na mdogo wako pia hajui. Lakini ulivyoeleza mwenendo wake, kupaka usiku na kuamka umetulia, kisha kuacha siku mbili tatu na moto kurudi kwa nguvu, ndivyo zinavyofanya steroidi kali usoni. Steroidi ni dawa zinazofanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea; hubana mishipa ya damu na kupoza uvimbe, ndiyo maana matokeo yake ya mwanzo hupendeza. Ukitumia kwa wiki au miezi, ngozi ya uso inakonda, mishipa midogo inaanza kujichora juu, vipele vidogo vinazuka hasa kuzunguka mdomo na pua, na ukiacha, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka kama mlango uliokuwa ukizuiwa kwa bega halafu bega likaondolewa. Anayeona hayo hudhani ugonjwa umezidi, anapaka tena. Mdogo wako anaposema ngozi inaihitaji hadanganyi. Anaeleza jambo la kweli kwa tafsiri isiyo sahihi. Ngozi ikifika hatua ya kushindwa kukaa bila dawa, hiyo ni sababu ya kuichunguza dawa.

Krimu za kuchanganywa na kuuzwa bila maandishi, mikorogo kama tunavyoiita, mara nyingi zimekutwa na klobetasoli, ambayo ni katika steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote, na hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na nyingine zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi na inaweza kudhuru figo. Sisemi chako kina haya yote. Nasema hakuna njia ya kujua kwa kukitazama. Na kwa haki, uso wako ulianza kabla ya kikopo. Kwa hiyo huenda kuna mambo mawili yaliyopandana: tatizo la awali lisilo na jina, na juu yake tatizo la pili lililoletwa na dawa. Daktari asipoambiwa la pili, la kwanza hataliona. Hao watatu waliokutibu, kwa barua yako, hakuna hata mmoja aliyekuuliza unapaka nini. Safari hii usingoje kuulizwa. Kiweke kikopo kwenye mkoba, kitoe, kiweke mezani. Najua wengine huona haya wasije wakaonekana wanajichubua. Daktari wa ngozi ameona vikopo vya kila aina, chako hakitamshangaza.

Basi turudi kwenye uamuzi. Ukiendelea kupaka kila siku mpaka usaili, faida yake ni dhahiri: huenda ukaingia pale uso umetulia, na sitakudharau kwa kuitaka faida hiyo. Hasara yake ni kwamba kila siku unayoongeza inarefusha kipindi cha kuachana nayo baadaye, na kipindi hicho kitakukuta labda ukiwa ndio kwanza umeingia kwenye cheo kipya. Ukiacha leo ghafla, ujue kwamba kabla ya nafuu huja kuzidi. Kwa wengine ni siku kadhaa, kwa waliotumia muda mrefu ni wiki nyingi, na huo ni wakati mgumu ambao watu wengi hukata tamaa wakarudi kwenye kikopo. Ipo pia tahadhari: aliyepaka steroidi kali sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu hatakiwi kuacha ghafla bila daktari, maana mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Wewe umetaja uso, na kwa vipindi, kwa hiyo hatari hiyo kwako huenda ni ndogo, lakini kama unapaka na kwingine usilifiche hilo. Njia ya tatu ni kumwona daktari wa ngozi, yule hasa wa ngozi, kabla ya usaili na kabla ya kuamua chochote, umuulize kama uache mara moja au ushuke kwa hatua ukitumia dawa dhaifu zaidi anayoijua, na akupe cha kukutuliza wakati ngozi inajirudia. Hasara ya njia hii ni pesa na muda, vitu ambavyo mume wako tayari amevilalamikia. Sitakuchagulia. Wewe ndiye unayejua siku zilizobaki.

Kuhusu lupasi, nimeielewa hofu yako, kwa sababu ukiandika "wekundu mashavuni" mtandaoni ndiyo ya kwanza kukurukia. Upele wake maarufu hukaa mashavuni na kuvuka daraja la pua kama kipepeo, lakini kwa kawaida huiacha mikunjo iliyo kati ya pua na shavu, na hukaa siku au wiki, haupandi na kushuka ndani ya nusu saa. Mara nyingi huja na mengine: viungo kuuma na kukakamaa asubuhi, uchovu usioisha kwa kulala, vidonda mdomoni, nywele kunyonyoka, homa zisizoeleweka. Hukutaja hata moja. Ukiwa nayo na hukuyaandika, mwambie daktari. Kipo kipimo cha damu cha kuanzia, kinaitwa ANA, lakini hata watu wazima kabisa wasio na ugonjwa wowote wanaweza kukutwa nacho chanya, kwa hiyo kukifanya bila sababu kunaweza kukuongezea usiku mwingine wa kutolala. Mwachie daktari aamue kama dalili zako zinakihitaji.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hukuutaja na ambao barua yako inanifanya niutaje, ili umuulize daktari na si ili ujipe. Unaitwa rozasea. Mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50. Uso huwaka kwa jua, joto, vinywaji vya moto, pilipili, pombe, mazoezi au msisimko wa moyo. Mwanzoni huja na kuondoka, baadaye rangi inabaki, na huweza kutoa vipele vinavyofanana na chunusi ila havina vichwa vyeusi. Ngozi huchonyota kuliko kuwasha. Chanzo chake kamili hakijulikani, ingawa mishipa ya damu, kinga ya mwili na vijidudu wadogo wanaoishi kwenye vinyweleo vya watu wote wanahusishwa. Hauambukizi, na asiyekunywa pombe anaupata kama mwingine, jambo ambalo yule mtani wa ofisini hakulijua. Wenye nao wengi huwa na macho makavu, mekundu, yanayokwaruza kama yana mchanga. Macho yako yakoje? Hukusema, na ni swali ambalo ningependa ulijibu mbele ya daktari, kwa sababu macho yakihusika yanahitaji matibabu yake.

Ukikutwa ni huo, hauna dawa ya kuufuta kabisa, lakini zipo za kuutuliza: jeli au krimu ya metronidazole (ndiyo, ile ile inayojulikana kwa matumbo, ila hii ni ya kupaka, usiende kumeza vidonge kwa sababu umesoma hapa), asidi ya azelaiki, krimu ya ivermectin, na kwa vipele vingi vidonge vya doxycycline ambavyo mjamzito hapewi. Zote zinadai uvumilivu, wiki 6 mpaka 12 ndipo unaona tofauti ya kueleweka. Ukilinganisha na kikopo kinachofanya kazi usiku mmoja, utaona kwa nini watu huzikimbia.

Mengine yapo na nitayapitia haraka. Mba ya uso huleta magamba yenye mafuta kwenye nyusi, pembeni mwa pua na kichwani. Aleji ya kitu kinachogusa ngozi, kama rangi ya nywele au manukato, kwa kawaida huwasha sana na huchelewa siku moja mpaka tatu baada ya kukigusa, ndiyo maana kitu kinachoisababisha hukosa kushukiwa. Upele wa aleji unaovimba na kuhama, ambapo alama moja huisha ndani ya saa 24, kwa kawaida hupungua kwa vidonge vya aleji, na kwako havikufanya kitu. Baadhi ya dawa za presha huchemsha uso. Na umri wako si wa mbali sana na wakati ambao homoni huanza kuyumba kuelekea kukoma hedhi, ingawa joto la namna hiyo hupanda kifuani pia na kuleta jasho. Kama unameza dawa yoyote, hata ya kupanga uzazi, iandike kwenye karatasi ya kwenda nayo.

Na kwa sababu safu hii inasomwa na wengine wenye ngozi zinazowaka: wekundu ukija na midomo au ulimi kuvimba, au pumzi kubana, ni wa kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo. Hali kadhalika ngozi ikitoa malengelenge au kubambuka, au mdomo na macho kutoka vidonda baada ya kuanza dawa mpya. Wekundu wenye maumivu unaosambaa huku una homa. Na madoa yasiyopotea ukiyabonyeza kwa bilauri ya kioo, hasa mtu akiwa na homa. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo yatafutwe viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Wewe, kwa ulivyoandika, hauko huko.

Kabla ya kumwona daktari, jitengenezee ushahidi, maana uso wako una tabia ya kutulia siku ya hospitali. Piga picha wakati unawaka. Simama karibu na dirisha mchana, zima taa ya simu, zima mapambo yote ya kamera, na uweke upande wa ndani wa mkono wako kando ya shavu kwenye picha hiyo hiyo. Rangi ya mkono ndiyo itakayomwonyesha daktari shavu limebadilika kiasi gani. Piga nyingine mahali pale pale ukiwa umetulia. Chini ya kila picha andika maneno machache tu: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulipaka nini, lilidumu muda gani. Usijaze daftari zima. Nimewaona watu wanaoanza kuorodhesha vichochezi wakaishia kuacha jua, chai, marafiki na kicheko, na uso bado unawaka. Unachotafuta ni kile kinachojirudia.

Wakati huo huo ipumzishe ngozi. Maji ya uvuguvugu, kisafishio laini kisicho na manukato, mikono mitupu bila dodoki wala kusugua, mafuta au losheni moja isiyo na harufu, na kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga kilichoandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi. Zile zenye zinki oksaidi huwa hazichonyoti sana, ila huacha weupe kama unga kwenye ngozi yetu. Zipo zilizotiwa rangi ya ngozi, nazo zina faida ya pili ya kuficha kidogo. Limau, mvuke na chumvi viache kabisa, yeyote atakayekushauri.

Mume wako usimpe hoja. Jioni moja uso ukipanda, chukua kiganja chake ukiweke shavuni, kisha ukipeleke kwenye mkono wako aone tofauti ya joto. Halafu mwombe aje nawe safari hii, awe ndani ya chumba cha daktari. Huenda akakataa. Huenda pia uchovu wake ni woga: amekuona ukirudi mikono mitupu mara nyingi na hajui afanye nini na huzuni yako. Kama tatizo ni fedha, lizungumzwe kama fedha, msilivike nguo ya "huumwi".

Mkuu wako alikupa mlango alipokuita faragha. Unaweza kuutumia kwa sentensi moja, "Nina tatizo la ngozi linalofanya uso uive kwenye joto, linashughulikiwa, kazi yangu haliigusi." Unaweza pia kukaa kimya, ni mwili wako. Ukisema, kuna hatari habari ikasambaa. Usiposema, watu watajaza wenyewe pengo hilo, na umeshaona wanavyolijaza. Kwenye usaili wenyewe uliza kama unaweza kukaa mbali na dirisha lenye jua, nenda na maji ya baridi, na ukihisi linapanda endelea na jibu lako. Wanaokuhoji wataona uso umeiva kwa muda. Wengi hudhani ni wasiwasi wa kawaida, na kila anayekaa kwenye kiti hicho anao.

Mdogo wako namweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu alikupa alichokuwa nacho na kwa upendo. Ukienda kwake na neno "sumu" atajifunga. Mwambie tu unakwenda kwa daktari wa ngozi na utakipeleka kikopo, umuulize kama anajua kina nini na kama mtu wake anaweza kukiandika. Jibu atakalokuja nalo litakuambia mengi. Na muulize, mkiwa wawili tu, uso wake yeye unakuwaje akikikosa kwa wiki moja.